Kutoka Kifaru Hadi Trekta

Msikilizaji, Vita Baridi vilipokwisha wengi waliamini kwamba kiwanda cha silaha kingeweza kugeuzwa kuwa cha zana za kilimo kwa amri tu. Chuma ni kile kile, mafundi ni wale wale. Yaliyoupata mji wa Martin, huko Slovakia, yanaonyesha vingine.

Katika mji huo kilikuwapo kiwanda kikubwa cha ZTS kilichounda vifaru vya T-72. Mwanzoni mwa 1990 serikali mpya ya Chekoslovakia, chini ya Rais Václav Havel, ilitangaza kuwa nchi itaachana na biashara ya silaha. Nani angelipinga jambo jema kama hilo? Lakini sehemu kubwa ya viwanda vya silaha nzito ilikuwa Slovakia, na uamuzi ulitoka Prague, upande wa Wacheki.

Matrekta hayakuwa mageni Martin. Kiwanda kilikuwa kikiyaunda tangu zamani, sambamba na vifaru. Shida ilikuwa mnunuzi. Mteja wa kifaru ni Serikali. Huagiza mapema, hulipa, wala habishani sana juu ya bei. Trekta hununuliwa na mkulima, na mkulima huuliza: bei gani? Vipuri vipo? Linakunywa mafuta kiasi gani? Nitakopeshwa? Isitoshe, wakati huo huo ruzuku za kilimo zilikuwa zikikatwa, vyama vya ushirika vya wakulima vilikuwa hoi kifedha, na mwaka 1991 Comecon, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Kikomunisti, ilivunjika na soko lake likaporomoka. Kwa maneno mengine, mafundi walinyang'anywa kifaru wakati ambapo trekta halikuwa na wa kulinunua.

Mwishoni mwa 1991 wasio na kazi Slovakia walikuwa karibu asilimia 12 ya nguvukazi. Kwa Wacheki, karibu asilimia 4. Si silaha peke yake zilizoleta hali hiyo, ila Waslovakia wengi waliona wamebebeshwa gharama ya usafi wa wengine. Manung'uniko hayo yaliingia katika uchaguzi wa Juni 1992, na tarehe 1 Januari 1993 nchi ikagawanyika mara mbili.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa nia. Lilikuwa kufunga mlango mmoja kabla ya kutafuta fedha, muda na wateja wa kufungulia mwingine. Slovakia huru haikuacha silaha: miaka ya 1990 iliunda mzinga mpya unaojiendesha wenyewe, ukaitwa Zuzana.