Miguu ya Jeti ya Rimoti: Ipi Ununue, kwa Bei Gani

Jeti ya rimoti si lazima ianguke ndipo iharibike. Inaweza kushuka vizuri, pua juu kidogo, mwendo umepungua inavyotakiwa, halafu mguu mmoja ukagoma kutoka, au ukatoka bila kujifunga, na ndege ikaserereka kwenye lami kwa tumbo na bawa. Ikiwa ni jeti ya povu gumu, hasara ni gundi na rangi. Ikiwa ni jeti ya injini ya mafuta, yenye kilo 10 na zaidi na thamani ya maelfu ya dola, mguu wa dola 200 unaweza kukugharimu bodi nzima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulize mguu huo ukiharibika huharibika vipi, na kinachovunjika kinauzwa peke yake au mpaka ununue seti nyingine.

Miguu isiyokunjwa haina maneno mengi. Haina mota wala waya wala upepo, ni nafuu, na kwa anayejifunza kwenye uwanja wa nyasi ndiyo chaguo la busara. Haipendezi angani, hilo kweli. Aliyenunua mfano wa F-16 hawezi kuvumilia kuuona ukipita na miguu inaning'inia, na wala simlaumu.

Miguu ya kukunja kwa miaka mingi iliendeshwa kwa upepo, na kampuni kama Robart ya Marekani zilijijengea jina kwa mifumo hiyo. Unajaza tangi dogo kwa pampu mpaka geji isome kama psi 100, kisha valvu inayosukumwa na servo inapeleka upepo upande wa kupandisha au wa kushusha. Boksi linaloukunja mguu ni jepesi na lina nguvu. Tabu iko kwenye vitu vya senti: oringi iliyokauka, mpira uliokatwa mshazari, kiungo kilicholegea. Baridi kali nayo inakaza oringi, na mfumo uliokuwa haupotezi upepo wakati wa joto ukaanza kuvuja. Upepo ukiisha miguu ikiwa ndani, inabaki huko huko ndani.

Kwenye bei kuna mtego. Seti ya upepo inayotangazwa kwa dola 200 mara nyingi ni maboksi tu. Ongeza tangi, valvu, mipira, geji na pampu ya kubeba uwanjani, utaikaribia 300. Ukinunua iliyotumika, mwombe mwenyewe aijaze jioni, msome geji pamoja asubuhi. Hiyo itakueleza zaidi ya maneno yake. Ipo pia aina ambayo upepo hupandisha tu na springi ndiyo hushusha, kwa hiyo ukivuja miguu inatoka yenyewe. Kwa ndege ndogo na ya wastani, kama ni lazima ninunue ya upepo, nitanunua hiyo tu. Kwa ndege kubwa springi inaweza kushindwa kuusukuma mguu mzito mpaka ujifunge.

Siku hizi wengi wamehamia kwenye umeme, na wana sababu: hakuna cha kujaza wala kuvuja. Fungua boksi moja utakuta mota yenye unene wa kidole gumba, ikizungusha skrubu ndefu. Juu ya skrubu kuna nati inayokwenda mbele na kurudi nyuma, na nati hiyo ndiyo inayokigeuza kishikio kilichobeba pini inayoushika mguu. Nati ikifika mwisho inakwama, mota inavuta umeme mwingi ghafla, na bodi ya elektroniki ikiona hivyo inakata.

Ujanja huo ndio udhaifu wake. Kwa bodi, mwisho wa safari na kizuizi chochote kingine ni kitu kimoja. Pini ikipinda kidogo, tairi likagusa ukingo wa shimo lake, mota inazimwa mguu ukiwa nusu njia. Mchanga ukiingia kwenye grisi ya skrubu, hali ni hiyo hiyo. Wanaorusha ndege katika nchi za Ghuba wanaujua usumbufu huu. Upepo wa mwendo nao unaweza kuleta tatizo. Mguu unaokunjwa kuelekea nyuma hauna budi kushuka ukishindana na upepo wa mbele, ilhali unaokunjwa kuelekea mbele husukumwa na upepo huo huo mpaka ujifunge. Punguza mwendo kwanza, ndipo ushushe miguu.

Miguu ya umeme iko katika rafu tatu. Chini ni maboksi ya plastiki ya jeti za povu, kati ya dola 20 na 40 kila moja. Katikati ni ya aluminiamu iliyochongwa kwa mashine, kama ya JP Hobby ya China. Seti yenye miguu ya springi na breki za umeme itakula mamia kadhaa ya dola. Juu kuna Electron ya Uhispania na Behotec ya Ujerumani, ambako seti kamili ya jeti kubwa hufika dola 1,000 au kuzidi.

Kabla hujatoa pesa ya rafu ya juu, tazama pini. Muuzaji atakusifia pini nene ya milimita 5 kuliko ya 4. Msikilize kwa sikio moja. Pini iliyopinda ni dola chache na dakika kumi za kazi. Pini isiyopinda hulipeleka pigo lote kwenye kishikio, kwenye skrubu, na mwishowe kwenye plaiwudi iliyogundishwa ndani ya bawa, na hiyo ikipasuka, kuitengeneza ni kazi ya wiki. Pini inayofaa ni ile inayostahimili kutua kwa kawaida lakini inayotangulia kupinda kabla plaiwudi haijaachia.

Kwenye nyasi, umbo la mguu lina uzito kuliko jina la kampuni. Tafuta mguu ambao tairi lake limefungwa kwenye mkono unaoelekea nyuma, kama ilivyo kwa MiG-15 na F/A-18 halisi: likigonga tuta, tairi linarudi nyuma na juu badala ya kuuvuta mguu. Mguu ulionyooka hufaa zaidi kwenye lami. F-16 ina shida ya ziada, kwani miguu yake mikuu inatoka kwenye bodi ya ndege na kukaa karibu karibu, na upepo wa pembeni unaiinamisha kwa urahisi hata kama umelipa dola 1,000.

Kwa jeti ya povu yenye feni ya milimita 80 na uzito wa kama kilo 3, mimi ningechukua seti ya rafu ya chini kwa dola 90, boksi moja la akiba na pini chache. Jumla haifiki 150, na ninaweza kurekebisha uwanjani. Kuifunga seti ya dola 450 kwenye ndege hiyo ni kununua mguu wenye nguvu kuliko povu linaloushika. Kwa jeti ya mafuta ya kilo 12 hesabu inageuka: hapo rafu ya kati ndiyo mwanzo, na breki si anasa, kwa sababu injini ya namna hiyo huendelea kuisukuma ndege hata ikiwa kwenye mzunguko wa chini.

Ukiwa Dar au Mombasa, weka pini za akiba, oringi na boksi moja la ziada katika oda ile ile ya kwanza. Ukija kuagiza pini peke yake baadaye, usafirishaji unaweza kuipita bei ya pini yenyewe, na ndege itakaa kabatini mpaka mzigo ufike.