Orijino ama Jeneriki? Ukweli Kuhusu Dawa za Depresheni Kabla Uchomoe Doo kwa Kemisti

Hii picha unaijua, ama kuna mtu wako wa karibu anaijua. Umetoka kwa daktari, pengine ni Mathari, pengine ni kakliniki ka hapo mtaani. Ilikuchukua miezi kujishawishi kwamba kutafuta msaada si udhaifu. Sasa uko na karatasi mkononi, unaingia kwa kemisti, unaiweka kwa kaunta. Msee wa koti jeupe anaisoma, anakuangalia, alafu anashusha sauti: "Nikupee orijino ama jeneriki?"

Unauliza bei. Ya kwanza inakumaliza nguvu. Ya pili unaweza lipa na bado ubaki na nauli ya mathree. Nyuma yako kuna watu watatu kwa laini na hutaki wajue unanunua nini. Uko na sekunde kumi za kuamua.

Wengi wetu huchomeka hapo, na ni kwa njia mbili. Kuna wale husema "cha bei rahisi ni feki", wanajinyima, wanachukua orijino. Mwezi wa pili doo inaisha, wanaanza kuruka siku. Alafu kuna wale huchukua jeneriki lakini kwa roho wanaamini wamepewa dawa ya masufferer, kila asubuhi wakimeza wanangoja ikatae kufanya kazi. Wacha tuongee hii maneno polepole, bila watu kwa laini.

Dawa moja, majina mawili

Kila dawa ya aina hii iko na jina la biashara na jina la kile kitu chenyewe kinachofanya kazi ndani. Prozac ndio mfano rahisi. Eli Lilly, kampuni ya Marekani, iliruhusiwa kuiuza huko mwisho wa 1987. Kilicho ndani kinaitwa fluoxetine. Kwa miaka mingi Lilly ndio walikuwa na haki ya kuiuza peke yao, hadi Agosti 2001 hiyo haki ikaisha Marekani na makampuni mengine yakaingia na fluoxetine yao. Mauzo ya Prozac huko yaliporomoka ndani ya wiki chache tu. Watu hawakuwa wameacha kuugua. Walikuwa wamepata kitu kile kile kwa bei ya kawaida.

Ni kama vile mathe wako huita kila sabuni ya unga Omo na kila dawa ya meno Colgate, hata kama kilichoko kwa bafu kimeandikwa jina lingine kabisa.

Angalia na hii. Sertraline ya Pfizer inaitwa Zoloft Marekani, ukivuka Uingereza inaitwa Lustral. Escitalopram ya Lundbeck ya Denmark inaitwa Cipralex sehemu nyingi za dunia, lakini Marekani ni Lexapro. Kwa hivyo ukikomaa kwamba jina ndio dawa, utaniambia hapo orijino ni gani?

Ukishika paketi, tafuta yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hiyo ndio dawa unameza. Hata Shirika la Afya Duniani likiandika orodha yake ya dawa muhimu, linaandika fluoxetine. Halijaandika Prozac popote.

Mbona sasa moja ni bei ya juu?

Aliyeanza ndiye alilipia utafiti, miaka ya majaribio kwa maelfu ya wagonjwa, na matangazo juu yake. Anayekuja nyuma harudii hayo yote. Dawa nyingi za jeneriki unazoona Kenya zinatoka India, zingine zinatengenezwa hapa hapa nchini, na makampuni yako mengi yanang'ang'ania mnunuzi mmoja. Bei lazima ishuke.

Lakini kutorudia majaribio yote si kusema wanapita bure. Kuna mtihani. Wanachukua watu wenye afya, mara nyingi kati ya 24 na 36, wanawapa ile ya jina kubwa, wanatoa damu mara nyingi kwa masaa kadhaa. Wanangoja imalize kutoka mwilini, alafu wanawapa jeneriki na kutoa damu tena. Wanapima vitu viwili: dawa ilipanda hadi wapi kwa damu, na jumla iliyoingia ni ngapi.

Hapa ndio uvumi huzaliwa. Sheria inasema matokeo yakae kati ya asilimia 80 na 125 ya ile ya kwanza, so msee anasoma hiyo namba kwa simu na anakwambia "unaona, jeneriki inaweza kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20!" Zii. Hiyo nafasi lazima imeze makadirio yote, pamoja na ule wasiwasi wa hesabu unaokuja na kupima watu wachache. Dawa iliyo pungufu kweli kwa asilimia 20 itaanguka huo mtihani. Wataalamu wa FDA, ile mamlaka ya dawa ya Marekani, walirudi nyuma wakaangalia majaribio 2,070 ya aina hii, wakachapisha matokeo 2009. Tofauti ya wastani kwa jumla ya dawa iliyoingia mwilini ilikuwa kama asilimia 3.5. Hiyo ni ndogo sana.

Lakini kuna moja ilienda vibaya

Sitakuficha hii, kwa sababu ukiitafuta utaipata, na mtu ataitumia kukutisha.

Kuna dawa ya depresheni inaitwa bupropion. Jina lake kubwa ni Wellbutrin, na ile ya XL imetengenezwa itoke polepole mwilini, siku nzima. Desemba 2006 Marekani iliruhusu jeneriki yake iitwayo Budeprion XL, iliyotengenezwa na Impax na kuuzwa na Teva. Watu waliobadilishiwa wakaanza kulalamika: kichwa kinauma, kichefuchefu, na mbaya zaidi, giza limerudi. Mwaka wa 2008 FDA ikajibu kwamba depresheni ina tabia ya kurudi yenyewe, kwa hivyo lawama isiwekewe dawa.

Wagonjwa hawakunyamaza. Mwishowe FDA ikafanya jaribio lake yenyewe, na Oktoba 2012 ikatangaza kwamba kile kidonge cha miligramu 300 hakilingani na Wellbutrin. Kikaondolewa sokoni. Na unajua ngori ilikuwa wapi? Hicho cha 300 hakikuwa kimejaribiwa kwa binadamu wakati wa kuruhusiwa. Walipima cha 150, wakapiga hesabu kwamba cha 300 kitafuata.

Hiyo story huwa inanifanya niwe mgumu kuwaambia watu "ni kwa akili yako tu". Wagonjwa walikuwa sawa kwa karibu miaka sita kabla waaminiwe. Lakini angalia pia ilikuwa dawa ya aina gani: ya kutoka polepole. Hapo ndio teknolojia ya kidonge chenyewe huleta tofauti. Kama karatasi yako imeandikwa XL, XR ama SR, hiyo ndio ya kuuliza maswali zaidi kabla ubadilishe kampuni, na usiisage wala kuitafuna. Kapsuli ya kawaida ya fluoxetine haina hiyo drama.

Bei yenyewe huingia kichwani

Mwaka wa 2008, watafiti Marekani walichukua watu 82, wakawapa kidonge cha maumivu, alafu wakawapiga shoti ndogo za stima kwa mkono kupima kama kinasaidia. Nusu waliambiwa kidonge ni dola 2.50. Nusu wakaambiwa kimepunguzwa hadi senti 10. Wale wa bei ghali, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Wale wa senti 10, asilimia 61. Vidonge vyote havikuwa na dawa yoyote ndani. Yaani hata kidogo.

Sasa fikiria wewe umepewa paketi usiyoijua, rangi tofauti, na umeshaamua ni ya ovyo. Utakayohisi utayahisi kweli, hutakuwa unaigiza. Ndio maana ni muhimu kujua ulichonunua kabla ukimeze.

Kitu inaumiza watu zaidi

Kwa maoni yangu, kati ya vijana wa Nairobi wanaokunywa hizi dawa, anayeumizwa na jeneriki mbovu ni wa kutafutwa na tochi. Anayeumizwa na kuruka siku umekaa naye kwa mathree leo.

Hizi dawa si kama panadol. Mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 6 kabla uone tofauti ya maana, na ukishapata nafuu daktari atataka uendelee angalau miezi 6 mingine ndio isirudi. So ukiwa kwa kaunta usiulize tu "leo ni how much". Zidisha hiyo bei mara nane au tisa. Kama ya jina kubwa utaimudu mwezi mmoja tu alafu uanze kumeza moja baada ya siku mbili "ndio ifike end month", umenunua shida.

Ukizikata ghafla, mwili huuliza. Kizunguzungu, kutapikatapika, usingizi wa ndoto za ajabu, hasira, na ile hisia wengi huelezea kama shoti ya stima inapita kichwani. Paroxetine na venlafaxine ndio mbaya zaidi kwa hii, kwa sababu hutoka mwilini haraka. Fluoxetine hutoka polepole sana, kwa hivyo huwa haikuli kwa kishindo hivyo, ingawa hiyo si ruhusa ya kuiacha kienyeji. Daktari ndiye anakushusha pole pole.

Na kama uko chini ya miaka 25, soma hii mara mbili. Tangu 2004 Marekani imelazimisha onyo kubwa liwekwe kwa dawa zote za depresheni, kwanza kwa watoto na matineja, na 2007 likapanuliwa hadi umri wa miaka 24: wiki za kwanza, ama wakati kipimo kinabadilishwa, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa wachache. Hiyo ni kwa zote, ya bei ghali na ya bei rahisi. Ambia mtu mmoja unayemwamini kwamba umeanza, ndio akuangalie. Mawazo yakianza, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo ama upige 1199, laini ya Red Cross ya Kenya, haulipishwi.

Jeneriki si feki

Haya maneno mawili yamechanganywa sana mtaani. Feki ni kitu kimetengenezwa kudanganya, na mtu wa feki hana sababu ya kuogopa jina kubwa. Doo iko huko. Jeneriki iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ni dawa halali.

Kwa hivyo angalia unanunua wapi kuliko unavyoangalia jina. Leseni ya bodi inafaa iwe imebandikwa ukutani, mahali unaiona. Itisha dawa ikiwa kwa strip yake, iliyo na jina, namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyohesabiwa na kumwagwa kwa kabahasha kakhaki, hapo hujui chochote. Na yule msee wa Telegram anayekuletea hadi kejani bila karatasi ya daktari, achana naye kabisa.

Kuna watu wanafaa kubaki na ya jina, na sina shida nao. Kama umekuwa fiti kwa hiyo dawa mwaka mzima na unaimudu bila kujinyima, usivuruge. Kama mwili wako unakataa laktosi ama rangi fulani inayotumika kutengeneza kidonge, hivyo vitu hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, so muulize mfamasia akusomee vilivyomo. Wengine wote, jeneriki ni sawa, na bora zaidi ni jeneriki ya kampuni moja kila mwezi. Kurukaruka kutoka India hadi ya hapa hadi nyingine ndio hufanya usijue ni nini kilikubadilisha.

Piga picha paketi yako leo, mbele na nyuma. Wakikubadilishia, andika tarehe kwa simu. Ukijiona tofauti ndani ya wiki mbili, mpelekee daktari hizo picha na hiyo tarehe, na usikubali kuambiwa ni mawazo tu kabla aziangalie.

Alafu mwezi ujao ukifika kwa kaunta, na watu watatu wako nyuma yako, toa simu, mwonyeshe msee wa koti jeupe ile picha na umwambie, "Nipe hii hii."