Programu ya muuzaji mmoja yaweza kuifunga kampuni

Kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani ilisitisha mwaka 2018 mradi wa kuhamishia shughuli zake katika programu ya SAP, baada ya miaka saba na gharama iliyotajwa kufikia Euro milioni 500. Lidl ilizoea kuthamini bidhaa za ghalani kwa bei ya kununulia, ilhali programu hiyo ilifuata bei ya kuuzia. Ikabidi irekebishwe, na rekebisho moja likazaa jingine.

Ugumu huo wa kuibana biashara nzima katika programu moja ndio unaoyafanya baadhi ya makampuni yanunue kwa wauzaji kadhaa. Daftari kuu la hesabu hubaki mahali pamoja bila kuchokonolewa. Mishahara, ghala na mauzo huwa na programu zake, zinazopelekeana taarifa. Ikichakaa moja, hung'olewa hiyo peke yake.

Hata hivyo, mzigo ukionekana ghalani na kukosekana kwenye hesabu, kila muuzaji humtupia mwenzake lawama. Hivyo mkataba hauna budi kutaja nani anawajibika pale programu zinapoungana, na namna kampuni itakavyoondoka na taarifa zake. Kipengele hicho cha pili ni rahisi kukisahau siku ya kutia saini.