Hepesi: Dai Aina, Dai na Namba

Mtu akitoka maabara mtaani Kamalondo, Lubumbashi, na karatasi iliyoandikwa "herpès positif" (hepesi ipo) bila maelezo mengine, jioni hiyohiyo uchumba unaweza kuvunjika. Inaudhi, maana karatasi hiyo haijasema kitu.

Virusi vya ugonjwa huu ni viwili. HSV-1, vya malengelenge ya mdomoni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 vilikuwa ndani ya watu bilioni 3.7 walio chini ya miaka 50, na wengi huvipata utotoni. HSV-2, vya sehemu za siri, vilikuwa kwa watu milioni 491 wa miaka 15 hadi 49. Protini za virusi hivi viwili zinafanana mno, kwa hiyo kingamwili za kimoja hunasa hata kingine. Ndiyo maana vipimo vya zamani vilivichanganya.

Kinachovitofautisha ni protini moja ya ganda la nje, glaikoprotini G. Ya HSV-1 ni fupi, amino asidi 238. Ya HSV-2 ina 699. Kipimo cha kisasa hutandika protini hiyo peke yake ndani ya vishimo vya sahani ya plastiki. Majimaji ya damu hutiwa humo, kingamwili zinazoitambua hung'ang'ania, nyingine huoshwa zikaondoka. Kisha kemikali hutiwa, rangi hujitokeza, na mashine husoma ukolezi wake na kutoa namba.

Namba hiyo ndiyo kiini cha yote. Kwa kawaida watengenezaji huweka mpaka wa kuitwa chanya kwenye 1.1. Lakini damu za Rakai, Uganda, zilipolinganishwa na kipimo cha uhakika zaidi, Western blot, ilionekana kwamba wengi waliovuka mpaka huo kidogo tu hawakuwa na HSV-2. Mpaka ulihitaji kupandishwa hadi zaidi ya 3. Maabara inayoficha namba inamnyima mgonjwa haki yake. Na kipimo cha kingamwili za aina ya IgM ni fedha iliyotupwa: hakitenganishi aina, wala hakithibitishi kuwa maambukizi ni mapya.

Anayehofia maambukizi ya karibuni asubiri wiki 12 hivi, kingamwili zijitokeze. Akumbuke pia kwamba damu haionyeshi virusi vimekaa wapi. HSV-1 navyo hufika sehemu za siri.

Kipimo sahihi huwafaa wenzi ambao mmoja wao ameambukizwa, wajawazito ambao waume zao wana virusi hivi, wenye vidonda vinavyojirudia bila jibu, na watafiti wa VVU, kwani HSV-2 huongeza hatari ya kupata VVU karibu mara tatu.