Nguruwe na Hisabu Yake katika Nchi ya Maniema

Mtu atakaye kufuga nguruwe katika Obokote, au popote pengine katika jimbo hili la Maniema ambalo Kindu ndiyo makao yake makuu, hana budi aanze hisabu yake si kwa chakula wala kwa banda, bali kwa kuwahesabu majirani zake, apate kujua ni wangapi watakaokubali kumla mnyama huyo na ni wangapi watakaompa kisogo. Katika nchi nyingi swali hili halina uzito. Hapa lina uzito wa historia nzima. Njia zile zile walizozipita wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu katika karne ya 19, zamani za Hamed bin Muhammad el-Murjebi aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, walipoifanya Kasongo makao yao na Nyangwe soko lao kando ya mto Lualaba, ndizo zilizoleta lugha hii tuisemayo, ndizo zilizoeneza kilimo cha mpunga, na ndizo zilizoleta Uislamu, ambao mpaka leo una wafuasi wengi Kindu na Kasongo kuliko katika sehemu nyingi nyingine za Kongo. Kwa Mwislamu nguruwe ni haramu. Wala si Waislamu peke yao: Wakimbangu hawamli, na Waadventista wa Sabato vivyo hivyo. Mfugaji wa hapa, basi, anauza kwa fungu tu la watu, na fungu hilo ndilo dari ya biashara yake.

Si kwamba fungu lenyewe ni haba. Wakatoliki na Waprotestanti ni wengi mijini na vijijini, na huko kwenye machimbo ya dhahabu na bati, Punia na Kalima, wako vijana wanaolipwa taslimu na kula nyama taslimu. Walaji hawa, hata hivyo, hawamngojei nguruwe kwa njaa. Wana samaki wa Lualaba, wana mawindo ya msituni yaliyokaushwa kwa moshi, wana makayabo, yaani samaki wa chumvi, na wana mbuzi ambaye hamkimbizi mgeni yeyote mezani; nguruwe akizidi bei, mnunuzi humgeukia mwingine pasipo kusononeka. Tanzania, ambako Waislamu ni wengi, biashara ya kitimoto, kama nyama ya nguruwe inavyoitwa huko, imestawi kwa kujua mahali pake pa kukaa, na Uganda, inayoongoza Afrika Mashariki kwa ulaji wa nyama hii, kila mtu mmoja kwa wastani hula zaidi ya kilo 3 kwa mwaka. Soko laweza kukua, ila kwa adabu. Nguruwe anayezurura na kuingia uani kwa mtu anayemhesabu kuwa najisi humgharimu mwenyewe zaidi ya mihogo aliyoifukua, kwa kuwa mihogo hulipwa siku moja, na ujirani ukivunjika hulipwa miaka.

Ama kuhusu mnyama mwenyewe, sifa yake kubwa ni haraka. Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa akazaa ndama mmoja. Mbuzi huichukua miezi mitano akazaa mmoja au wawili. Nguruwe huichukua siku 114, ambazo wafugaji wa kale walizikumbuka kwa kusema miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, akaangusha watoto sita, wanane, hata kumi, na akitunzwa vema hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Ndiyo sababu baada ya vita vilivyoanza mwaka 1996 na kuendelea, kwa namna moja ama nyingine, hata mwaka 2003, wakati mifugo ya Kongo ya mashariki ilipoporwa na kuliwa na kila mwenye bunduki, wanyama wa kuzaliana upesi, nguruwe, kuku, na yule dende mdogo wa Kivu, yaani simbilisi, afugwaye jikoni, ndio waliowawezesha watu wasio na mtaji kuanza tena.

Haraka hiyo, walakini, ina tumbo, na hapo ndipo wengi hukosea daftari lao. Katika ufugaji wa nguruwe wa nchi yoyote ile, chakula hula kiasi cha theluthi mbili ya gharama zote. Nguruwe wa mbegu njema, akipewa chakula kilichochanganywa sawasawa, hutaka kilo 3 za chakula kikavu ili aongeze kilo moja ya mwili wake. Yule wa kijijini anayelishwa ovyo hutaka 5, hata 6. Na tumchukue huyo mwema, tusije tukashitakiwa kuwa tumeipotosha mizani: kilo 3 za chakula, ukiziongezea theluthi iliyobaki ya gharama, ambayo ni banda, dawa, dume na usafiri, zimekuwa sawa na bei ya kilo 4 na nusu za chakula kwa kila kilo moja ya nguruwe aliye hai. Akichinjwa, akatolewa matumbo na damu, hubaki karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa hiyo kilo moja ya nyama iliyotundikwa kwenye ndoana imekwisha kumla mwenyewe thamani ya kilo 6 za chakula kabla hajaonja faida ya franga moja. Yeyote anunuaye mahindi na soya sokoni ili alishe nguruwe na aiulize nafsi yake swali hilo moja: je, kilo ya nyama hapa kwetu inauzwa zaidi ya mara sita ya kilo ya chakula ninachokinunua? Ikiwa jibu ni la, huyo hafugi nguruwe. Anamfanyia kazi muuza mahindi.

Na Maniema ni nchi ambayo jibu hilo aghalabu ni la. Kindu hufikiwa kwa ndege, kwa mtumbwi na baleinyeri, kwa reli itokayo kusini kupitia Kongolo ambayo safari zake hazina saa, na kwa baiskeli zinazosukumwa matopeni na vijana wenye miguu ya chuma. Kila gunia la chakula cha mifugo litokalo mbali limekwisha kulipa nauli hizo zote. Faida ya nguruwe wa hapa, kwa hiyo, haitoki katika kile alichonunuliwa. Hutoka katika kile ambacho hakikununuliwa, nacho, alhamdulillahi, si kidogo: pumba za mpunga kutoka vinu vya Kindu na Kasongo, mashudu ya ngazi za mawese, maganda ya mihogo, majani ya viazi vitamu, mapapai yaliyoanguka, na machicha ya wapikaji wa pombe ya lotoko. Mtu mwenye jirani mwenye kinu cha mpunga ana mtaji kuliko mtu mwenye banda la saruji.

Hata vya bure vina masharti yake. Muhogo mchungu una sumu, na nguruwe hasalimiki nayo zaidi ya binadamu. Sharti uloweshwe, uanikwe, au uchemshwe. Tena muhogo humpa mnyama nguvu pasipo kumjenga mwili, hata utamwona ana kitambi na mgongo mwembamba, miezi inapita naye hakui. Humfaa majani ya mihogo yaliyonyaushwa jua, masalio ya dagaa, soya iliyochemshwa au kukaangwa, chochote chenye kujenga nyama. Watoto wachanga wanaozaliwa katika sakafu ya saruji hupungukiwa madini ya chuma, kwa kuwa maziwa ya mama yao hayana ya kutosha, wakawa weupe na dhaifu. Kuwatilia bandani udongo safi mwekundu ambao nguruwe wengine hawakuukanyaga ni tiba isiyogharimu kitu, na ni ajabu jinsi watu wanavyoacha tiba ya bure wakalilia sindano.

Nguruwe weupe wa Ulaya walioletwa na wamisionari na Wabelgiji, na wengine wanaoletwa hata leo na miradi ya msaada, huzaa wengi na kukua upesi wapatapo chakula chao. Wasipokipata, hushindwa na maisha ambayo nguruwe mdogo mweusi wa kijijini huyamudu akipiga miluzi. Mchanganyiko wa hao wawili ndio ninaouona una akili.

Kuna jambo moja katika vitabu vya miradi hiyo ambalo silikubali asilani, nalo ni ile desturi ya kuandika kazi ya familia kuwa sifuri. Mama anayeamka alfajiri akakata majani, akateka maji, akachemsha maganda kwa kuni alizozitafuta mwenyewe, kisha akasafisha banda kabla ya kwenda shamba, ametoa saa ambazo zingeliweza kupalilia mpunga. Ikiwa majike wawili wanamtaka saa tatu kila siku, hiyo ni zaidi ya saa elfu moja kwa mwaka. Ziandikwe. Huenda faida ikabaki, huenda isibaki, lakini angalau ijulikane ni nani aliyeilipia.

Tena tusisahau kwamba mwanakijiji hamfugi nguruwe kama mwenye kiwanda amfugavyo. Kwake yeye mnyama ni akiba yenye miguu: atauzwa mtoto akiugua, akitakiwa mahari, ada ya shule ikidaiwa mwezi Septemba. Siku ya kuuza haiamuliwi na uzito wa nguruwe bali na dhiki ya mwenyewe, na wachuuzi wanalifahamu hilo vizuri mno. Septemba kila mtu anauza, nao hutaja bei ya chini. Krismasi mambo hugeuka, kila mlaji akatafuta nyama. Aliye na subira na awahesabie majike wake nyuma kwa vidole: nguruwe wa miezi minane atakayechinjwa katikati ya Desemba alizaliwa katikati ya Aprili, na mama yake alipandwa karibu na tarehe 20 Desemba ya mwaka uliotangulia. Yaani pilau ya Krismasi ijayo hupangwa bandani wakati ya Krismasi hii haijapikwa.

Mjerumani mmoja, Arthur Hanau, alichunguza bei za nguruwe wa nchi yake katika miaka ya 1920, akaonyesha kwamba bei ikipanda wafugaji wote huongeza majike kwa pamoja, na kwa vile nguruwe hawakui kwa siku moja, wote hufika sokoni kwa pamoja vilevile, bei ikaanguka, wakavunjika moyo wakapunguza, bei ikapanda tena, gurudumu lisilosimama. Katika Maniema gurudumu hilo lipo, ila linasukumwa na mkono mwingine ulio mkali zaidi, nao ni homa ya nguruwe ya Afrika.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza katika maandishi na R. Eustace Montgomery, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, mwaka 1921. Asili yake ni ngiri na papasi wanaoishi katika mashimo yao, ambao hubeba virusi vyake pasipo kudhurika. Nguruwe wa kufugwa akiipata, aghalabu hufa katika siku chache, na banda zima humfuata. Haimdhuru binadamu, na dawa haina. Kutoka bara letu ilivuka hadi Lisbon mwaka 1957, ikafika Georgia mwaka 2007, na China mwaka 2018, ambako iliangamiza nguruwe wasiohesabika na kupandisha bei ya nyama duniani. Chanjo zilizoidhinishwa Vietnam mwaka 2023 bado si kitu cha mfugaji wa Kindu kukitegemea. Vijijini kwetu haihitaji ngiri. Husafiri na nyama, na makombo, na viatu, na dume la kuazima linalozungushwa nyumba kwa nyumba.

Tazama basi inavyozalisha hasara juu ya hasara. Habari zikifika kwamba nguruwe wanakufa kijiji cha pili, kila mtu hukimbilia kuuza, hata wagonjwa, na bei hudidimia papo hapo. Nyama hiyo, kwa kuwa virusi hudumu miezi katika nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi, huipeleka homa mbele zaidi. Maji yaliyooshea nyama humwagiwa nguruwe wa mnunuzi. Anayeuza kwa hofu hupoteza nusu ya thamani yake, na kwa kufanya hivyo humpotezea mwenzake yote. Kinga ni mambo ya kuchosha kuyataja kwa jinsi yalivyo rahisi: banda lililofungwa, mgeni asiingie, makombo yachemshwe barabara, mzoga ufukiwe wala usitupwe mtoni.

Banda hilohilo lina faida ya pili, inayohusu watu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu, akameza mayai ya tegu, yakawa vifuko katika nyama yake. Mlaji wa nyama isiyoiva hupata tegu tumboni, na mayai yake, yakirudi kwa watu kwa mikono michafu na maji machafu, huweza kufikia ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba pale watu na nguruwe wazururao wanapoishi pamoja, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana na hayo. Mnunuzi mzoefu humfunua nguruwe kinywa na kumpapasa ulimi akitafuta vifuko hivyo, na akivigusa huondoka au hukata bei. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri, kwa hiyo, ni chombo cha biashara ya nguruwe sawa na hori.

Homa ikishapita, bei ya watoto wa nguruwe hupanda upesi, na kishawishi cha kujaza banda tena huwa kikubwa kuliko akili. Shauri la wataalamu ni kulisafisha, kuliacha tupu siku zisizopungua 40, kisha kuweka nguruwe mmoja au wawili wa kujaribia na kuwaangalia kwa majuma sita kabla ya kuwaleta wengine. Kwa mtu mmoja maskini muda huo ni mrefu mno. Kwa likelemba la wafugaji kumi wanaochangiana kila mwezi unavumilika, na rai yangu ni kwamba kanuni yao ya kwanza iwe hii: fedha za kununua jike jipya apewe kwanza yule aliyelikalisha banda lake tupu siku nyingi kuliko wenzake, na anayeonekana amenunua kabla ya siku 40 zamu yake isogezwe hadi mwisho.