Mbunge na Shilingi ya Waziri

Watu wengi vijijini, wasikilizapo redio wakati wa Bunge la bajeti hapa Dodoma, husikia Mbunge akisema kwa sauti kuu kwamba anashika shilingi ya Waziri. Wengine hucheka wakidhani ni mzaha. Wengine hudhani Waziri amenyang'anywa fedha. Sivyo. Twapenda kueleza maana yake, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu hata wale ambao hawajapata kuuona mlango wa Bunge.

Kila mwaka, tangu Aprili hadi mwisho wa Juni, Mawaziri huja mbele ya Wabunge, kila mmoja kwa zamu yake, kuomba fedha za wizara zao. Waziri akisha kusoma hotuba yake, na Wabunge wakisha kuijadili, Bunge zima hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi, na mafungu ya fedha huitwa moja baada ya jingine. Ufikapo mshahara wa Waziri, Mbunge asiyeridhika husimama akauliza: Mbona maji yaliyoahidiwa hayakufika? Mbona walimu wanadai malipo yao? Asipopata jibu la kumtosha, hutoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe shilingi moja.

Hapana mtu ajaliye shilingi yenyewe, wala Waziri hatalala njaa kwa kuikosa. Lakini maadamu hoja iko mezani, fungu halipiti. Wabunge wengine wapata nafasi ya kuiunga mkono au kuipinga, na Waziri hana budi kusimama tena na kusema neno lililo wazi zaidi, nalo laandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, ambako mwaka ujao laweza kutafutwa na kusomwa mbele yake. Mwishoni ama Mbunge huirudisha shilingi, ama kura hupigwa.

Asili ya desturi hii ni Bunge la Uingereza, na huko si mchezo. Tarehe 21 Juni 1895 mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba mshahara wa Waziri wa Vita, Bwana Henry Campbell-Bannerman, upunguzwe pauni 100, kwa sababu jeshi halikuwa na akiba ya kutosha ya baruti. Hoja ilishinda kwa kura 132 dhidi ya 125, na Serikali nzima ya Lord Rosebery ikajiuzulu.

Hapa kwetu mara nyingi shilingi hurudi. Mawaziri wenyewe ni Wabunge, na walio wengi Bungeni ni wa chama kimoja nao. Tena Ibara ya 90 ya Katiba yampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na hapana Mbunge apendaye kurudi kuomba kura kabla ya wakati wake. Basi angojaye kumwona Waziri akiangushwa kwa shilingi atangoja sana.

Silaha iliyo kali zaidi ni nyingine, nayo yafahamika upesi kwa watu wa Ugogo. Mtu aliyewekewa ng'ombe wa mwenzake, mmoja akifa, hasemi kwa mdomo tu kwamba amekufa. Humletea mwenyewe ngozi. Katika mambo ya Serikali ngozi hiyo ni karatasi: mkataba, barua, hati ya malipo. Mbunge peke yake hawezi kuzipata zote. Lakini Bunge laweza kuunda Kamati Teule, nayo kwa sheria ya mwaka 1988 ya haki, kinga na madaraka ya Bunge yaweza kuwaita mashahidi na kuagiza nyaraka ziletwe.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ulianzia karibu na kwetu, katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambalo huhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 ukame ulilishusha sana bwawa hilo, umeme ukawa wa mgawo nchini kote. Serikali ikatafuta mitambo ya dharura ya megawati 100, na mwezi wa Juni mwaka ule ule TANESCO ikatia sahihi mkataba na kampuni ya Richmond, ya Houston huko Marekani. Mitambo ikachelewa. Mwisho wa mwaka mvua zikanyesha, na mwezi wa Desemba mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, iliyokuja kulipwa dola 137,000 za Marekani kila siku. TAKUKURU ikachunguza, na mwaka 2007 ikasema haikuona rushwa.

Wabunge hawakuridhika. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, likaunda Kamati Teule ya watu watano, mwenyekiti wake Dokta Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela. Tarehe 6 Februari 2008 taarifa yake ikasomwa hapa Dodoma. Kamati ilieleza kwamba Richmond haikuwa na uzoefu wala mtaji wa kazi ile, na kwamba viongozi wa juu waliisaidia kupata zabuni. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, aliliambia Bunge kwamba amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Mawaziri wawili, Bwana Nazir Karamagi na Dokta Ibrahim Msabaha, walijiuzulu pia, na Baraza lote la Mawaziri likavunjika. Tarehe 8 Bunge likamthibitisha Bwana Mizengo Pinda kuwa Waziri Mkuu.

Bwana Lowassa alilalamika kwamba Kamati haikumwita ili ajieleze. Sisi twaona lalamiko hilo lilikuwa na uzito. Hata katika baraza la kijiji mshitakiwa huulizwa kabla ya kuhukumiwa, na Kamati yenye uwezo wa kumwita mtu yeyote isingepungukiwa na kitu kwa kumwita na yeye.

Wala Mbunge asidhani kusema kuna usalama daima. Kweli Ibara ya 100 humkinga asishitakiwe mahakamani kwa maneno ya Bungeni; lakini Bunge lenyewe laweza kumwadhibu. Agosti 2007 Bwana Zitto Kabwe, Mbunge wa Kigoma Kaskazini, alihoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliotiwa sahihi London, akasimamishwa kuhudhuria vikao. Kabla mwaka haujaisha Rais alimteua yeye huyo katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kutazama mikataba ya madini.

Na fedha je? TANESCO iliuvunja mkataba mwaka 2008, Dowans wakaipeleka mbele ya waamuzi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikaamriwa kuwalipa shilingi zipatazo bilioni 94. Wakubwa walikuwa wamekwisha ondoka madarakani, lakini sahihi zilizowekwa mwaka 2006 zilibaki pale pale.

Mwalimu au mzee wa kijiji atakaye swali lake lifike Bungeni na ampe Mbunge nakala ya barua, tarehe ya ahadi, na jina la idara iliyoahidi. Afanye hivyo kabla ya Aprili.