Sato, Ngege na Yule wa Katikati

Kila nifikapo mwaloni hakosi mvuvi wa kunivuta mkono hadi kwenye beseni lake. "Mwalimu, njoo umwone chotara." Mara nyingi nakuta si chotara. Ni sato dume aliyenaswa akilinda kiota, kichwa na kifua vimeiva wekundu, na mwenyewe hajawahi kumwona katika hali hiyo.

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Perege, jamii ya sato na ngege, hubadilika rangi akitishwa, akipigana, akitafuta jike, akiishi kwenye maji ya tope, na hubadilika tena akifa. Samaki aliyeshinda kwenye barafu amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ushahidi.

Nilikusudia kwenda moja kwa moja kwenye mapezi, lakini siwezi kumpita tukunare wa Amazon, ndugu wa mbali wa sato. Huko Rio Negro, Brazil, wavuvi wana majina mawili. Paca ni wa rangi ya giza mwenye safu za madoa meupe, na jina lake ni la mnyama wa msituni mwenye madoa kama hayo. Açu anang'aa dhahabu, na ubavuni ana mabaka matatu meusi ya wima. Wengi waliwahesabu kuwa samaki wawili tofauti, na ukimpata ambaye madoa yanafifia huku mabaka yakijitokeza, ni rahisi kuapa kuwa ni chotara wao. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba na ya uchunguzi wa viungo vya uzazi: wote ni Cichla temensis. Madoa ni vazi la wakati asiozaa. Akikaribia kuzaa, madoa hufutika na mabaka hukolea. Nimekaa na picha za samaki hao jioni nzima, na bado macho yangu yanakataa kuamini.

Turudi kwetu. Sato aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Wenyeji walikuwa ngege, ambaye Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928, na mbiru. Usihangaike na mwili. Shika pezi la mkia, litandaze kwa vidole, liinue kwenye mwanga. Sato ana mistari myembamba ya wima iliyopangana tangu shina la mkia hadi ukingoni, na haipotei hata akifa. Ngege hana. Mbiru anatambulika kwa ukingo mwekundu wa pezi la mgongoni.

Ukikuta mistari iliyokatikakatika, inayoishia njiani, kwenye samaki mwenye umbo la ngege, hapo neno chotara linaweza kutajwa. Kutajwa tu, si kuthibitishwa.

Maana kuna kosa jingine linaloniudhi: eti chotara wa samaki ni tasa kama nyumbu. Si kweli hata kidogo. Chotara wa sato na ngege huzaa, watoto wake wakazaa tena na sato, na baada ya vizazi vichache jicho halioni chochote ingawa damu ya ngege imo. Ziwa Kanyaboli, Siaya, lililotenganishwa na ziwa kuu na mafunjo ya kinamasi cha Yala, ni miongoni mwa makimbilio ya mwisho ya ngege. Hata humo vipimo vya vinasaba vimekuta mchanganyiko na wageni.

Wanaovumisha kwamba chotara hawa wametengenezwa maabara na nyama yao ina maradhi wanawatisha wanunuzi bure. Dume na jike wamekutana wenyewe majini. Anayeangamia ni ngege, wala si mlaji.

Basi ukimtilia shaka samaki, mpige picha angali hai, mkia umetandazwa. Kwa vipimo vya vinasaba, kata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kitie kwenye kichupa cha spiriti kali, na ndani utumbukize karatasi yenye mahali na tarehe. Andika kwa penseli; spiriti hufuta wino.